Vidole Viwili vya Theluji

Ipo nchi moja iliyo mbali sana na hapa, mbali kiasi kwamba msomaji hana haja ya kuitafuta kwenye ramani wala kumtupia jirani yake jicho la pembeni. Jina lake nimelisahau kwa makusudi. Ni nchi ya joto, yenye mihogo, ndizi na mbu wenye afya njema, na katikati yake umesimama mlima mmoja mrefu ambao kileleni, tangu enzi za mababu, palikuwa na theluji.

Theluji hiyo ilikuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, kwa staha na bila kuaga, kama nywele za mtu mzima. Wananchi walijua. Hata mbuzi walijua, maana walikuwa wamekwisha kupanda kwenda kula majani mahali ambapo babu zao hawakuthubutu kukanyaga. Ni serikali tu iliyokuwa haijaarifiwa rasmi, na katika nchi hiyo jambo ambalo serikali haijaarifiwa rasmi huwa bado halijatokea.

Sasa Mtukufu Baba wa Vilele, aliyekuwa mkuu wa nchi tangu wananchi wengi hawajazaliwa, alisafiri kwenda nchi za baridi. Huko akaonyeshwa watu wazima, wengine wenye mvi zao, wamevaa mbao mbili miguuni na kuteleza mlimani huku wakipiga kelele za furaha. Aliporudi aliagiza wananchi wake nao wapewe furaha hiyo, watake wasitake.

Kabla mwaka haujaisha kikawa kimejengwa Kituo cha Taifa cha Starehe za Theluji. Kilikuwa na hoteli ya vyumba mia mbili, kila chumba na meko yake ya kuotea moto. Kilikuwa na viti vya kupandishia wageni, vinavyoning'inia kwenye waya, na kwa kweli vilining'inia vizuri sana ila havikumpandisha mtu. Kilikuwa na mteremko mpana uliopewa jina la Mteremko wa Mshikamano. Kilichobaki ilikuwa theluji yenyewe, na hiyo aliachiwa Mwenyezi Mungu, akisaidiwa na Bi Siwema.

Bi Siwema alikuwa mpima theluji. Kila alfajiri, kwa miaka kumi na tisa, alivaa koti la sufu lililokuwa la marehemu mama yake, akapanda mteremko na rula yake ya mbao, akaichomeka, akasoma, akaandika kwenye fomu, kisha akashuka hadi kibandani kwake na kutuma taarifa kwa redio ya upepo. Namba za chini za rula ile zilikuwa zimefutika kwa kutumika sana, na za juu zilikuwa mpya kabisa kama zilivyotoka dukani, kwa hiyo siku hizi alipima kwa vidole, jinsi wanawake wanavyopima maji ya wali. Vilikuwa vidole viwili. Ofisini alisifika kwa bidii, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wenzake waliuficha kwa huruma. Aliandika alichokiona.

Hapa lazima nieleze desturi ya nchi hiyo, la sivyo msomaji atadhani watu wake walikuwa waongo. Hawakuwa waongo hata kidogo; walikuwa na adabu. Kule mtu haendi kwa mkubwa wake mikono mitupu. Akienda kwa mjumbe hubeba mayai, akienda kwa mkuu wa wilaya hubeba jogoo, kwani mkono mtupu haulambwi. Na desturi hiyo iliwabana pia waliokwenda na habari. Habari njema ukiipokea kutoka kwa mtu wa chini yako, huwezi kuipeleka juu vilevile kana kwamba wewe hukuwapo. Unaiongezea kitu kidogo cha kwako. Habari mbaya unaipunguza, kwa sababu mtoto mwenye malezi hamtwishi mzee mzigo wote.

Basi vidole viwili vya Bi Siwema vikapanda ngazi. Mkuu wa Kituo, Bwana Mfaume, mtu mnene mwenye roho nzuri, alivipokea akavifanya shibiri. Mkuu wa Wilaya akaifanya shibiri kuwa dhiraa. Mkoani ikawa mita moja, kwenye Kanda mita moja na nusu, kwa Katibu Mkuu mita mbili na kitu, na ilipofika kwa Waziri wa Theluji na Ustawi wa Barafu, Mheshimiwa Dokta Ndomondo, ikawa mita tatu kamili. Hakuna hata mmoja aliyedanganya. Kila mtu alikuwa ameongeza kidogo tu.

Jioni, kabla ya taarifa ya habari, mtangazaji mwenye sauti ya asali alisoma utabiri. "Hali ya theluji katika Mteremko wa Mshikamano ni ya kuridhisha mno. Theluji iliyopo ni mita tatu. Kesho inatarajiwa theluji mpya, laini, ambayo itaanguka usiku ili isikwamishe shughuli za ujenzi wa taifa. Wananchi wanaombwa kuteleza upande wa kushoto." Bi Siwema alikuwa na mazoea ya kuizima redio mapema, akisingizia kwamba maharage yanaungua.

* * *

Jumatano moja maharage yaliungua kweli, na redio ikabaki inasema.

Ikasema kwamba Jumapili ingekuwa Siku ya Theluji ya Taifa. Mtukufu mwenyewe angehudhuria. Na mbele ya macho yake, Bingwa wa Taifa wa Kuteleza, Bwana Mlaponi Chitanda, angeteleza kutoka kileleni hadi jukwaani bila kupumzika.

Mume wa Bi Siwema alikuwa ameketi kwenye kigoda akijichua goti la kushoto kwa mafuta ya karafuu. Alikuwa mpagazi, mtu wa miaka hamsini na miwili, na maisha yake yote alikuwa amepandisha mizigo ya watu wengine mlimani. Aliacha kuchua.

"Mama Hiari," akasema, maana waliitana kwa jina la binti yao aliyeolewa mjini, "huyo Mlaponi Chitanda ni mimi?"

"Huenda wako wawili, Baba Hiari."

"Mlimani hapa hapa? Wawili wenye jina la Chitanda?"

Bi Siwema alikumbuka, na kule kukumbuka kulimchoma kuliko moshi wa maharage. Miaka miwili nyuma Mlaponi alikuwa amebeba gunia la viazi vya hoteli, akakanyaga kipande cha barafu, akaanguka kwa makalio na kuteremka hatua kumi mpaka akazuiwa na ukuta wa choo. Yeye Siwema, kwa kuwa alikuwa zamu na kwa kuwa alikuwa na ule ugonjwa wake, aliripoti: "Mpagazi ameteleza hatua kumi. Viazi salama." Habari ya viazi kuwa salama ilionekana njema, ikapanda. Hatua kumi zikawa mia, mia zikawa maili, gunia likawa bendera ya taifa aliyoishika mkononi, na mwaka huo Mlaponi akatumiwa cheti ambacho hawakukielewa wakakitumia kuziba dirisha.

"Ni mimi niliyekuponza," akasema.

"Wewe uliandika kweli."

"Ndivyo nilivyokuponza."

Mlaponi aliujua mteremko ule jiwe kwa jiwe. Juu kabisa palikuwa na hatua thelathini za theluji, vidole viwili, kivulini. Kuanzia hapo hadi jukwaani yalikuwa mawe matupu, makali, na katikati korongo. Mtu akishuka pale juu ya mbao angefika chini kwa mafungu. Kukataa nako kulikuwa na yake. Mara ya mwisho mtu kukataa heshima ya taifa alikuwa mpiga tarumbeta mmoja, ambaye alipewa heshima nyingine badala yake, na mkewe bado anampelekea chakula kila Ijumaa, kinapokelewa dirishani na bakuli halirudi.

"Sitaki kufa kwa ajili ya starehe," akasema Mlaponi. "Ningekufa kwa mzigo, sawa. Mzigo ni kazi."

Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na saba. Bi Siwema alimtazama lile goti linalong'aa kwa mafuta, akaona wazi kwamba kama halitafika salama Jumatatu, yeye hatakuwa na haja tena ya kupima kitu chochote.

* * *

Alhamisi hakutumia redio; aliipeleka fomu yenyewe ofisini, na chini yake akaongeza, kwa herufi kubwa: VIDOLE VIWILI. TAFADHALI KISIONGEZWE KITU.

Haukupita muda Bwana Mfaume akapanda mwenyewe hadi kibandani, anahema, fomu mkononi, machozi yakimlengalenga.

"Bi Siwema, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mkuu."

"Unaniambia nisiongeze kitu! Yaani niingie kwa Mkuu wa Wilaya kama yatima?"

"Mkuu, watamteremsha mume wangu juu ya mawe. Wakijua theluji ni vidole viwili, hawatamteremsha."

Bwana Mfaume akaketi juu ya debe, akafuta jasho. Alikuwa mtu wa huruma kweli, na alimpenda Mlaponi. "Nakuelewa, dada yangu. Lakini nawe nielewe. Nikipeleka vidole viwili vitupu, Mkuu wa Wilaya atajua kwamba vilikuwa vingi na vingine nimekula mimi. Theluji ya taifa! Mimi nina watoto sita." Akaitazama ile fomu kwa muda mrefu, kisha akapata wazo. "Ninachoweza ni hiki. Nitaongeza kidogo kuliko kawaida."

Jioni redio ikatangaza mita mbili na tisini, na ikawataka wananchi wasiwe na hofu.

Ijumaa Bi Siwema akageuza mbinu. Ikiwa theluji haikubali kupungua, basi aripoti mawe. Alizunguka mteremko kutwa nzima, akahesabu mawe yenye uwezo wa kumvunja mtu mzima, akapata mia nne na kumi na moja. Akayaandika yote. Lakini mawe ni habari mbaya, na habari mbaya huchukuliwa kidogo kidogo na kila anayeipokea. Mia nne yakawa mia, mia yakawa ishirini, ishirini yakawa matatu. Jioni mtangazaji wa sauti ya asali akasema kwamba mteremko una jiwe moja la kihistoria, ambalo Wizara inalihifadhi kwa vizazi vijavyo.

Jumamosi asubuhi mafundi wakaja wakachagua jiwe, wakalizungushia uzio wa ukindu, wakasimika kibao: JIWE LA TAIFA. USIGUSE. Mengine mia nne na kumi wakayakanyaga wakirudi.

Mchana huo Mlaponi aliletewa vazi la ubingwa, rangi za bendera, lililomwishia juu kidogo ya magoti, pamoja na mbao za kutelezea zilizochongwa gerezani kwa mninga. Zilikuwa nzito na moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake. Alizitazama kama fundi, akasema mninga huu ungefaa mlango. Kisha akaanza kumwonyesha mkewe mahali alipoweka vitu: panga liko darini, mbegu za maharage ziko kwenye kibuyu cheusi, mbuzi mwenye doa ana mimba.

"Usiniage kwa mbuzi," akasema Bi Siwema, na hapo akalia. Alipomaliza kulia akajifunga khanga kiunoni. "Kesho Mtukufu atakuwa hapa, na ana masikio mawili kama watu. Nitamwambia mwenyewe."

* * *

Jumapili ilipambazuka na jua kali. Wananchi waliletwa kwa malori tangu usiku, na kila mmoja akagawiwa skafu ya sufu. Jukwaani vilipangwa viti sita kwa ngazi: Bwana Mfaume mwisho kabisa, kisha Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Kanda, Katibu Mkuu, na Dokta Ndomondo karibu na kipaza sauti. Wote walivaa makoti ya manyoya, na jasho liliwatiririka hadi kwenye viatu.

Na mteremko ulikuwa mweupe! Bi Siwema alifikicha macho. Usiku Wizara ilikuwa imetandika mashuka yote ya hoteli, vyumba mia mbili, kitanda cha watu wawili kila chumba, kutoka pale theluji inapoishia hadi mbele ya jukwaa, na ili yasipeperuke yakawekewa mawe madogo juu ya yale makubwa.

Dokta Ndomondo akafungua sherehe. "Mtukufu, Baba wa Vilele! Theluji hii unayoiona haikuanguka kwa bahati. Imeanguka kwa sera! Mataifa mengine hukaa yakingoja majira, lakini sisi majira tumeyapita, yako nyuma yetu, yanahema! Walisema nchi ya joto haiwezi kuwa na theluji. Leo nawauliza, joto liko wapi?" Akajifuta uso kwa leso. "Mita tatu, Mtukufu! Tatu!"

Makofi yakapigwa. Mtukufu akainuka kwenye kiti chake chenye ngozi ya chui. Alikuwa mzee mwenye kitambi na macho ya usingizi, na kwa kuwa juu yake hapakuwa na mkubwa mwingine, yeye aliongeza kwa ajili ya wananchi.

"Wananiambia tatu," akasema. "Mimi nasema tano!"

Umati ukashangilia ile nyongeza. Mtukufu akautazama mteremko mweupe unavyometa, akamtazama Mlaponi aliyesimama kando na vazi lake fupi, goti limefungwa kitambaa, na kijicho kikamwingia Mtukufu usoni.

"Raha yote hii apewe mpagazi?" akauliza. "Leteni hizo mbao. Nitateleza mimi."

 Dokta Ndomondo akageuka kumtazama Katibu Mkuu, Katibu Mkuu akamtazama Mkuu wa Kanda, macho yakashuka ngazi mpaka kwa Bwana Mfaume, ambaye hakuwa na wa kumtazama akatazama viatu. Kumzuia Mtukufu kulihitaji mtu aseme kwamba theluji hakuna, na theluji ilikuwapo, mita tatu, kila mmoja wao alikuwa ameitia sahihi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Bi Siwema angeweza kunyamaza. Mumewe alikuwa amekwisha kuvuliwa mbao, goti lake zima. Lakini miaka kumi na tisa haiishi kwa siku moja. Alipita chini ya kamba, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mtukufu. Mimi ndiye mpima theluji. Usiende, tafadhali. Theluji ni vidole viwili."

Mtukufu akamwinamia. "Vidole viwili vya nani?"

"Vyako, Mtukufu," akadakia Dokta Ndomondo.

Mtukufu akavitazama vidole vyake, akaonekana kuridhika navyo. "Basi ni nyingi."

"Mtukufu, ni mawe matupu. Nimeyahesabu."

"Habari hii imepitia wapi?"

"Haijapita popote. Nimeitoa mlimani nikakuletea."

"Aa," akasema Mtukufu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni aliyepotea njia. "Basi bado haijafika."

* * *

Alipandishwa kwa machela, kwa kuwa vile viti vya waya vilikuwa vikipumzika. Wapagazi wanne walimbeba, Mlaponi akiwa mmoja wao, na Bi Siwema akafuata nyuma na redio yake ya upepo, kwa maana kanuni ilitaka mpima theluji awepo mahali inapotumika. Walipofika juu, wapagazi watatu walitua machela wakakumbuka kwamba wana wagonjwa nyumbani.

Nakiri kwamba hatua thelathini za kwanza Mtukufu aliteleza vizuri. Ndizo zile za vidole viwili. Alipiga kelele ya furaha, ileile aliyoisikia ughaibuni, na huko chini bendi ikapokea. Kisha mbao zikaingia kwenye mashuka. Shuka la kwanza likamshika miguu, la pili likamfunika kichwa, na kutoka hapo halikuonekana tena umbo la mtu bali furushi la dobi linaloruka kutoka jiwe hadi jiwe, mpaka likatumbukia korongoni, mahali ambapo jukwaa halioni.

Mlaponi alishuka mbio, akichagua mawe kwa miguu peku, na mkewe nyuma yake. Wakamkuta Mtukufu amelala ndani ya mashuka manne. Mguu wa kulia ulikuwa umeelekea upande ambao miguu haielekei.

"Umevunjika mahali pawili," akasema Mlaponi baada ya kuupapasa. "Tulia, mzee wangu. Usijitingishe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Mtukufu mzee wangu. Akatulia.

Bi Siwema akashika redio, akamwita Bwana Mfaume jukwaani. "Mtukufu amevunjika mguu mahali pawili! Machela tumeiacha juu, leteni nyingine, na daktari, upesi!"

Bwana Mfaume alipauka, akamgeukia Mkuu wa Wilaya, akamnong'oneza kwamba Mtukufu amevunjika mahali pamoja. Mkuu wa Wilaya akamwambia Mkoa kwamba ameteguka. Mkoa akamwambia Kanda amejikwaa. Kanda akamwambia Katibu Mkuu amechoka, naye Katibu Mkuu akamwambia Waziri kwamba Mtukufu ameketi. Kipaza sauti kikakoroma, na sauti ya Dokta Ndomondo ikafika mpaka korongoni: "Ndugu wananchi! Mtukufu amesimama kidogo ili kufurahia mandhari ya nchi yake. Tumpigie makofi!"

"Wanakuja?" akauliza Mtukufu, meno yakigongana.

"Wanapiga makofi, Mtukufu."

Bi Siwema akaketi juu ya jiwe, akaanza kuhesabu vidoleni. Viti ni sita. Kila kiti kinapunguza. Basi ikitakiwa ifike juu habari ya mguu, lazima chini ianze habari kubwa zaidi. Akianza na kifo, Bwana Mfaume atasema mtu yu hoi. Wilaya atasema amezimia. Mkoa, anavuja damu. Kanda, miguu yote miwili. Katibu Mkuu, mguu mmoja mahali pawili. Na Waziri, mahali pamoja. Mahali pamoja pangetosha kuleta daktari. Alirudia hesabu mara mbili, ikatoka vilevile.

"Mtukufu," akasema, "naomba ruhusa nikuue kidogo. Kwa redio tu."

"Fanya utakavyo, mama, ila huu mguu," akalia Mtukufu.

Na Bi Siwema, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatuma kitu ambacho hakukiona. "Mtukufu amekufa," akasema, akakata.

Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lake lilikuwa moja tu: alidhani ile ni habari mbaya.

Bwana Mfaume aliipokea, akabaki ameshika redio. Kitu fulani kilipita usoni pake ambacho yeye mwenyewe hakukitegemea. Alipomgeukia Mkuu wa Wilaya, ulimi wake, uliolelewa vyema kwa miaka mingi, ulijua wenyewe la kufanya. "Amekufa kabisa," akasema. Mkuu wa Wilaya akavuta pumzi, akamwambia Mkoa kwamba amekufa kabisa, tena tangu asubuhi. Mkoa akamwambia Kanda kwamba amekufa na amezikwa. Kanda akamwambia Katibu Mkuu kwamba amezikwa na matanga yameanuliwa. Katibu Mkuu, ambaye mdogo wake alikuwa yule mpiga tarumbeta, akasema matanga yameanuliwa na wafungwa wamefunguliwa. Dokta Ndomondo akavua koti la manyoya, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, akawatangazia wananchi hayo yote, na kidogo cha kwake, kwamba yeye amekwisha kuapishwa.

* * *

Korongoni hawakusikia maneno, kwani kelele iliyazidi. Hakuna aliyekuja. Mlaponi alikwisha kutambua kwamba hatakuja mtu, akaunyoosha mguu wa Mtukufu kwa vipande vya ule mninga, akaufunga kwa mashuka. Kisha akambeba mgongoni kwa shuka moja pana, akalifunga kifuani kama mbeleko, akainuka naye. Goti la kushoto lilimlalamikia, lakini ule ulikuwa mzigo, na mizigo aliijua. Wakashika njia ya pembeni inayoelekea kwa shangazi wa Bi Siwema, mwanamke anayeunga mifupa.

Vigelegele vilikuwa vikipanda mlimani wimbi baada ya wimbi. Ngoma zikaanza, ngoma za mikono, si za bendi. Skafu za sufu zilikuwa zikirushwa juu.

Mtukufu akainua kichwa kutoka begani kwa mpagazi. "Wanashangilia nini?"

Bi Siwema alifikiria kusema kwamba wanashangilia theluji. Neno lilimfika ulimini. Lakini siku hiyo alikuwa amekwisha kupeleka habari moja ya kubuni na alikuwa akiyasikia matokeo yake kwa masikio yake mwenyewe, na hamu ya kupeleka nyingine hakuwa nayo.

"Wanashangilia kufa kwako, Mtukufu."

Walikwenda hatua nyingi. Mzee alikuwa mzito, na pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni mwa Mlaponi.

"Ni wengi?" akauliza hatimaye.

Bi Siwema akasimama. Akaweka kiganja juu ya macho, akautazama uwanja kuanzia jukwaani hadi kwenye malori, upande wa kushoto na upande wa kulia, bila haraka, jinsi alivyoutazama mteremko kila alfajiri.

"Ni wote, Mtukufu," akasema. "Na hapo sijaongeza kitu."

Mtukufu akalaza kichwa. Mlaponi akamwambia ashike shingo vizuri, maana mbele bado kulikuwa na mawe.